Kusikiliza Kwarteti ya Messiaen Mpaka Mwisho: Mwongozo Kamili kwa Wanaokatia Njiani

Malalamiko ni yaleyale. Mtu anaweka Quatuor pour la fin du temps ya mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen, kwarteti (muziki wa wapigaji wanne) ya fidla, klarineti, selo (fidla kubwa, mpigaji hukaa) na piano. Sehemu ya kwanza anaifurahia kwa sababu ya milio ya ndege, ya pili inamshtua, ya tatu inamchosha, na akifika ya tano ama amesinzia ama keshashika simu. Kisha ananiandikia: mbona muziki huu hauendi popote?

Hauendi popote kwa makusudi. Jina lake maana yake ni Kwarteti ya Mwisho wa Wakati, na mtunzi alidhamiria kuufanya wakati uache kukimbia ndani ya sikio la msikilizaji. Muziki mwingi tunaoishi nao umetuzoesha kungoja: kiitikio kitarudi, ngoma itaingia, wimbo utafunga. Hapa kungoja ndiko kunakokuangusha. Hatua zote zilizo hapa chini zina kazi moja tu, kukuondolea tabia hiyo kidogo kidogo, ndiyo maana hazifuati mpangilio wa sehemu zenyewe.

Historia sitaigusa, isipokuwa pale inapoweza kukuharibia usikilizaji.

## Unachohitaji

Rekodi moja kamili. Sehemu zote nane, kama dakika 50. Ya kundi la Tashi, iliyorekodiwa 1975, inamfaa anayeanza kwa sababu kila ala inasikika wazi. Ipo pia ya 1956 ambamo Messiaen mwenyewe yuko kwenye piano. Sauti yake ni ya kizamani, hivyo iweke akiba kwa baadaye.

Rekodi ya kupasha sikio. Joseph Haydn, kwarteti ya nyuzi Op. 33 namba 2, ya mwaka 1781. Utahitaji sehemu ya nne tu.

Hedifoni au spika ya maana. Spika ya simu inameza sauti za chini za piano na milio membamba ya selo, na hivyo ndivyo vitu utakavyotumwa kuvitafuta.

Metronomu, yaani kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi unayoipanga. Programu yoyote ya bure ya simu inatosha.

Karatasi, kalamu na kipima muda. Kipima muda kiwe kinaweza kufunikwa usikione.

Kiti. Si kitanda, wala si kochi la kuzama. Na usianze ukiwa umetoka kula ukashiba.

Zigawe hatua hizi katika siku kadhaa. Anayezimaliza zote jioni moja huwa amezipita tu.

## Hatua ya 1: Andaa rekodi na sauti

Pakua rekodi yote kabla ya kuanza, kisha zima mtandao. Tangazo la sabuni likiingia katikati ya sehemu ya tano, kazi yote imekwenda na maji, maana sehemu hiyo inaishi kwa mfululizo usiokatika. Hakikisha pia sehemu zimepangika 1 hadi 8, kwani orodha nyingi za mtandaoni huzichanganya.

Sasa panga sauti. Nenda karibu na mwisho wa sehemu ya sita, pale ala zote nne zinapopiga kwa nguvu zote, uongeze sauti mpaka iwe kubwa bila kuumiza. Iache hapo.

Tahadhari: usiongeze sauti kwenye sehemu tulivu, hasa ya tatu. Klarineti huanza noti kwa mnong'ono na kuikuza mpaka ukelele, na mwenye hedifoni aliyeongeza sauti wakati wa mnong'ono atajuta.

Umefaulu ukiwa na rekodi inayocheza kwa mpangilio, bila intaneti, na huna sababu ya kugusa kitufe chochote mpaka mwisho.

## Hatua ya 2: Ijue saa iliyo kichwani mwako

Weka sehemu ya nne ya Haydn. Ni fupi, ina kasi na ni ya furaha. Kazi yako ni kuinua mkono mara tu unapoamini kwamba muziki umekwisha.

Karibu na mwisho, mwendo unakatizwa ghafla na mistari michache ya polepole. Kisha ile lahani ya mwanzo inarudi ikiwa imekatwa vipande vinne, kila kimoja kikifuatwa na ukimya. Baada ya cha nne unakuja ukimya mrefu zaidi. Halafu wapigaji wanaanza tena kile kipande cha kwanza, kwa sauti ndogo, na hapo ndipo wanapoacha kweli, mahali ambapo kila kitu kinadai kuendelea.

Kwa nini nikupeleke kwa Haydn? Kwa sababu anakuonyesha kwamba wakati wote ulikuwa unabashiri. Ukimya ule ulikuwa na uzito kwa kuwa ulijua nini kinafaa kufuata. Uwezo huo wa kubashiri ndio saa yako ya muziki. Haydn anaitania, Messiaen, miaka 160 baadaye, anataka kuizima.

Umefaulu ikiwa mkono wako uliinuka angalau mara moja mahali pasipo pake. Kama hukukosea hata mara moja, uliwahi kuisikia au hukuwa makini.

## Hatua ya 3: Sehemu ya kwanza, mizunguko isiyokutana

Kabla ya kusikiliza, chukua karatasi. Mstari wa juu andika A B C A B C, urudie hivyo mara nne. Chini yake, herufi kwa tarakimu, andika 1 2 3 4 1 2 3 4 mpaka ulingane na wa juu. Tazama: A na 1 zilianza pamoja, na hazikutani tena mpaka nafasi ya 13.

Piano katika sehemu hii imejengwa hivyohivyo. Ina mfululizo wa vipimo 17 vya muda wa noti unaojirudia, na mfululizo wa kodi 29 (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) unaojirudia pia. 17 na 29 hazigawanyiki kwa namba nyingine yoyote, kwa hiyo mianzo yake haikutani mpaka kodi 493 ziishe. Selo nayo ina duru zake: noti tano tu za lahani, zikizungushwa juu ya mfululizo wa vipimo 15 vya muda. Ukitaka mizunguko hiyo yote ikamilike utakaa kama saa mbili. Sehemu yenyewe inakatwa kabla ya dakika tatu.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena, kwa sababu ndiyo ufunguo. Unachosikia hakimaliziki. Dirisha limefunguliwa kwenye kitu kilichokuwa kikizunguka tayari, kisha likafungwa. Kwa hiyo hakuna kilele cha kungojea.

Sikiliza mara nne:

1. Fuata selo peke yake. Inatoa sauti nyembamba, ya juu kuliko unavyotarajia, kwa sababu mpigaji anagusa uzi bila kuukandamiza.
2. Fuata piano. Usijaribu kuhesabu kodi 29, utachanganyikiwa bure. Sikia tu kwamba mwendo wake hauna haraka na haujali wengine.
3. Fuata klarineti na fidla. Hao ni ndege wawili wa Ulaya wanaoamka. Mtunzi aliandika kwamba ni kati ya saa tisa na saa kumi za alfajiri.
4. Usimfuate yeyote.

Umefaulu ikiwa mara ya nne ndege wanasikika wako juu ya kitu kinachojizungukia chenyewe, na ukataji wa mwisho haukukukera. Ukikukera, rudia kesho.

## Hatua ya 4: Sehemu ya tatu, wakati unaopimwa kwa pumzi

Klarineti peke yake, karibu dakika nane. Hapa ndipo wengi wenu mnapoanza kuangalia saa.

Messiaen aliiita Shimo la Ndege. Kwa maelezo yake, shimo ni wakati wenyewe, pamoja na huzuni na uchovu wake, na ndege ni kinyume cha wakati. Kwa hiyo chora safu mbili kwenye karatasi, moja S ya shimo, nyingine N ya ndege. Kila muziki unapohama kutoka lahani nzito ya polepole kwenda kwenye milio ya kurukaruka, au kurudi, weka alama.

Kisha kuna zile noti ndefu. Utazitambua: sauti moja inatoka patupu na kukua, kukua, mpaka unahofia kitu kitapasuka. Kabla ya noti kama hiyo vuta pumzi pamoja na mpigaji, kisha itoe taratibu kwa muda wote anaoshikilia. Utaishiwa kabla yake. Ndivyo inavyotakiwa. Mpigaji amelazimika kuigawa pumzi yake kwa uchoyo, kidogo mwanzoni na nguvu zote mwishoni, na mwili wako sasa unajua noti ile ina urefu gani kuliko saa yoyote ingekuambia.

Umefaulu ukiwa na alama kwenye safu zote mbili, na kifua kilichobana.

## Hatua ya 5: Sehemu ya sita, mguu uache kupiga

Ala zote nne zinapiga lahani moja kwa pamoja, bila kodi, bila wa kusindikiza. Inatisha kidogo. Kama unapiga gitaa au ngoma utaipenda.

Anza kwa kupiga mguu kufuata mapigo. Ndani ya sekunde chache mguu utakosea. Utarekebisha, utakosea tena. Sababu ni kwamba Messiaen anachukua mdundo wa kawaida na kuuongezea nusu ya pigo mahali pasipotarajiwa, hivyo kila mguu unaposhuka sakafu imesogezwa.

Pia anatumia midundo inayosomeka sawa kutoka mbele na kutoka nyuma. Huu hapa mmoja kati ya iliyomo katika sehemu hii:

3 – 5 – 8 – 5 – 3

Hesabu kimoyomoyo kwa kasi sawa, upige kofi mwanzoni mwa kila kundi: kofi na uhesabu tatu, kofi na uhesabu tano, na kuendelea. Sasa anza kutoka mwisho. Ni uleule. Ni kama kanga, uingie kwa pindo la kushoto au la kulia unakuta mji uleule. Na mdundo usiojali umeanzia upande gani hauna mbele wala nyuma, yaani hauna mshale wa wakati.

Tahadhari: usiutafute mdundo "halisi" uliojificha. Hakuna. Nimeona wapiga ngoma wazuri wakitoka jasho bure.

Umefaulu mguu ukiacha wenyewe, na bado umesisimka.

## Hatua ya 6: Sehemu ya tano, kiini cha yote

Hatua zote zilizotangulia ni maandalizi ya hii. Ni selo na piano tu, dakika nane au zaidi, na agizo la mtunzi juu ya noti linasema polepole bila kikomo.

Kwanza, piano. Weka metronomu kwenye 44. Kila pigo lake ni kodi moja ya piano, yaani moja kila sekunde moja na theluthi hivi. Sikiliza dakika moja ya metronomu peke yake kabla ya muziki. Utaona inakera: kila pigo linachelewa kidogo kuliko unavyotaka. Kaa nayo mpaka kero ipungue, kisha izime uweke muziki. Wapigaji wengine huenda kasi zaidi au polepole zaidi ya 44. Ikitofautiana na rekodi yako, fuata rekodi.

Sikiliza kinachoipata kila kodi. Piano ni ala ya kugonga: mara nyundo ikishagusa uzi, sauti inaanza kufa, na mpigaji hana la kufanya. Kwa hiyo anagonga tena. Na tena. Kila kodi inazaliwa na kuanza kufa.

Pili, selo. Selo inaweza kushikilia sauti na hata kuikuza baada ya kuizalisha. Hapo ndipo siri ya sehemu hii ilipo, na sijui kwa nini haielezwi mara nyingi: ala mbili zinaishi katika nyakati mbili tofauti kwa wakati mmoja. Moja inahesabu vifo vidogo vidogo. Nyingine inapita juu yake bila kuhesabu chochote.

Ukiweza, tafuta video na uangalie mkono wa kulia wa mpiga selo. Uta, ule upinde wa kusugulia nyuzi, una urefu wake, hauongezeki. Kwenye noti ndefu utauona ukitambaa juu ya uzi, huku mkono ukijizuia usikimbie. Wapo wanaogeuza uta katikati ya noti kwa ustadi kiasi kwamba sikio halijui. Jicho tu ndilo linalokamata. Kama umewahi kukaa karibu na wapiga fidla na selo wa okestra ya taarab ya Unguja, macho yako yanajua pa kutazama.

Tatu, jaribio. Anzisha kipima muda pamoja na muziki, kifunike. Utakapohisi dakika nne zimepita, fungua uone. Ukikuta ni mbili na kitu, ulikuwa unangoja. Ukikuta zimezidi nne, ulikuwa ndani. Usirudie jaribio hili siku hiyohiyo, maana utaanza kushindana na kipima muda na hutasikia muziki.

Tahadhari: sauti inakua polepole kuelekea kilele, kisha inafifia. Wanaongoja hukichukulia kile kilele kuwa ndiyo "sehemu yenyewe" na kuacha kusikiliza baadaye. Kufifia kuna uzito uleule.

Umefaulu pale kodi za mwisho zinapoisha na unabaki sekunde kadhaa bila uhakika kwamba zimeisha.

## Hatua ya 7: Sehemu za pili, nne na saba

Haraka haraka. Ya pili na ya saba ni ndugu, zote zinamhusu malaika wa Ufunuo sura ya 10, mwenye upinde wa mvua kichwani, anayeapa kwamba wakati hautakuwapo tena. Sikiliza ya pili leo, na uikumbuke: mwanzo wa kishindo, kisha fidla na selo zikiimba pamoja juu ya kodi za piano zinazodondoka. Ya saba isikilize siku nyingine na uweke alama kila unapotambua kitu. Alama mbili zinatosha.

Ya nne ni mapumziko mafupi bila piano. Ndiyo nyepesi kuliko zote, ila ina vijipande vya lahani utakavyovikuta kwingine.

## Hatua ya 8: Yote kwa mkupuo

Sasa kaa dakika 50. Bila karatasi, bila kipima muda.

Sehemu ya nane sikukupa zoezi. Fidla na piano, polepole tena. Piano inapiga pigo fupi na refu, fupi na refu, kama moyo, na fidla inapanda mpaka juu kabisa ya uzi. Messiaen alitaka sehemu nane kwa sababu saba ni siku za uumbaji pamoja na pumziko lake, na ya nane ni pumziko hilo likiendelea milele.

Umefaulu ukifika mwisho bila kuangalia zimebaki dakika ngapi. Sio lazima uwe umeupenda.

## Ukikwama

Unasinzia kwenye ya tano. Simama. Kweli, sikiliza ukiwa wima, mkono mmoja ukutani.

Unasikia fujo kwenye ya kwanza. Rudi kwa selo. Ukiishika selo, mengine yatajipanga.

Unasikia huzuni tupu. Huenda ulianza na historia. Ni kweli kwamba kwarteti hii ilipigwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941 ndani ya kambi ya wafungwa wa vita ya Stalag VIII-A, Görlitz, mtunzi akiwa mfungwa humo. Hilo linaeleza kwa nini ni fidla, klarineti, selo na piano, ala ambazo si kawaida kukutana: hao ndio wapigaji aliokuwa nao. Lakini ukiingia ukitafuta njaa na baridi, utavipata katika kila noti, na furaha ya sehemu ya saba itakupita. Isome historia baada ya hatua ya 8.

Mwenzako anaona unapoteza muda. Mwekee Haydn.

## Pa kwenda baadaye

Nenda kwanza kwa kwarteti ya nyuzi namba 15 ya Dmitri Shostakovich, ya 1974: sehemu sita, zote za polepole, zikifuatana bila kusimama. Pale wakati hausimami, unaisha, na tofauti utaisikia mapema sana. Kisha kwarteti ya kwanza ya Bedřich Smetana, ya 1876, ambapo katikati ya furaha ya sehemu ya mwisho fidla inashika noti moja ya juu, mlio uliokuwa ukivuma masikioni mwa mtunzi alipokuwa anapoteza uwezo wa kusikia.

Kwarteti ya pili ya Morton Feldman, ya 1983, iache kwanza. Ikipigwa kamili inachukua kama saa sita bila mapumziko, na hakuna bando wala kiti kitakachokuvumilia kama bado unasinzia kwenye dakika nane za Messiaen.